Mzigo Hupitia Uani Kwanza

Ninyi mliobaki na funguo za vyumba vile, na wengine mtakaokuja baadaye, haya ni yenu. Someni mkiwa mmekaa, siyo mmeegemea mlango. Mimi shule sikukaa. Herufi nilizipata kwenye mafundisho ya ubatizo kule kwetu upande wa Chala, nyingine nikaziokota mjini kwenye magunia ya chumvi na madebe ya mafuta. Mkiona maneno yamepinda, yasomeni hivyo hivyo. Kazi yenyewe haikupinda.

Kazi yangu ilikuwa kuzuia kunguni. Watu wakiuliza nilifanya nini Sumbawanga miaka yote ile, wanategemea niseme nilipika au nilifua. Nilipika, na nilifua. Lakini mpishi akikosea, mgeni anaacha chakula, basi. Mwenye kazi yangu akikosea, mgeni anaondoka asubuhi na alama shingoni, na kila gari linaloshuka Kasanga au kupanda Mbeya linabeba habari ya nyumba yako.

Nyumba ilikuwa ya Bi Mwanaidi, mjane wa mfanyabiashara, karibu na soko. Mbele duka, nyuma ua mpana, na kuzunguka ua vyumba vya wageni. Magari ya mizigo yalisimama mlangoni pale. Walilala kwetu madereva, wauza samaki kutoka Kipili, makarani waliohamishwa, na manamba, yaani vijana wetu waliokuwa wakiandikishwa kwenda Tanga kukata mkonge. Manamba walipita wakienda na wakirudi. Hao ndio walionileta.

Nilifika mjini nikimsindikiza mume wangu, Gaspari. Binti yetu Veronika alikuwa mgongoni kwangu, hajajua hata kukaa. Tulitembea kutoka nyumbani, Gaspari na mzigo wake kichwani, na njia nzima alikuwa akinichekesha ili nisimtazame sana.

Mzigo ule niliufunga mimi. Kwetu mke ndiye anayemfungia mume mzigo wa safari, na kila mke ana mkono wake. Nilikuwa na ukanda wa kitambaa cha pamba, cha wakati ule Wafipa walipokuwa wakifuma wenyewe. Aliufuma babu yangu. Nikaufunga kwa fundo la kwetu, ambalo usipojua pa kuanzia unahangaika nalo mpaka uji unapoa.

Gaspari akalivuta, halikulegea. "Sasa hili nitalifunguaje?"

"Hulifungui. Utarudi nilifungue mimi."

"Kwa hiyo hii shati niliyovaa ndiyo nifike nayo Tanga, nikate nayo mkonge, nirudi nayo?"

Nikacheka, nikamwonyesha pa kuanzia. Alilijua mara moja. Alikuwa mtu wa mikono.

Gari lilipokuja alipanda nyuma na wenzake, akanionyesha kwa kidole pale mlangoni kwa Bi Mwanaidi. "Mkataba ukiisha nashuka hapahapa, Skola. Usinitafute pengine."

Sikurudi kijijini. Vumbi lilipotulia niliingia dukani, nikapiga magoti, nikapiga makofi taratibu kama tunavyosalimia sisi, nikamwambia mama yule wa kiungwana kwamba naomba kazi. Sikumwambia nataka kukaa pale magari yanaposimama. Nadhani alijua. Hakuwa mtu wa kuuliza alilokwisha kujua.

Aliuliza jingine. "Jana umelala wapi?"

"Kwa watu tuliowafikia njiani, mama."

"Kwenye kitanda chao?"

"Kwenye mkeka wao."

"Basi hiyo kanga haiingii ndani kwangu. Wala mbeleko ya mtoto. Pita uani."

Nikapita uani. Nikapewa kaniki yake kuukuu, nikasimama pembeni ya pipa nikitazama nguo zangu zote zikichemka kama mboga. Niliona haya mpaka machozi yakanilenga. Bi Mwanaidi akaja na ufito mrefu, akaugeuza mchanganyiko ule, akasema, "Usinune. Mimi mwenyewe nikirudi kutoka matangani napita hapa." Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nguo zilipokauka nikaanza na kitanda.

Vitanda vilikuwa vya kamba. Bi Mwanaidi alinifundisha kwanza majina, kwa maneno ya kwao ya pwani: mguu wa kitanda ni tendegu, upande wa kichwani ni mchago. Alisema huwezi kutafuta kitu mahali usipopajua jina. Kisha akakilaza kitanda chali, miguu juu, akaniambia, "Haya, kama wewe ungekuwa mdogo hivyo na hupendi jua, ungejificha wapi?" Nikamwonyesha katikati ya ubao. Akacheka. "Hapo utakufa na njaa ya akili. Tazama kwenye maungio."

Ni kweli. Kunguni anakaa pale tendegu linapoingia kwenye ubao, kwenye mafundo ya kamba, kwenye pindo la godoro, kwenye ufa wa ukuta ulio karibu na mchago. Haendi mbali na anayemla. Ukikuta vitone vyeusi kama ncha ya wino, yupo. Ukikuta maganda makavu ya rangi ya chai, alikuwepo na watoto wake wamekua. Pua nayo inasaidia: chumba chenye kunguni wengi kina harufu tamu ya kuudhi, kama majani mabichi ya giligilani yaliyopondwa. Nyumba nyingine nikiingia leo kusalimia, pua inaniambia kabla sijakaribishwa kiti. Kiti nakikataa kwa adabu, nasema mgongo unauma.

Kila Jumamosi vitanda vilitoka nje. Kamba zikilegezwa, maji yanayochemka yanamwagwa kwenye maungio yote, siyo maji ya moto ya kuogea, nasema yanayochemka. Yai la kunguni halijali vuguvugu. Yakikauka, unachukua unyoya wa kuku, unachovya mafuta ya taa, unapitisha kwenye kila ufa polepole. Unyoya unaingia pasipoingia kidole. Kufanya hivyo ni nje tu, na moto uwe mbali; aliyekuwepo kabla yangu alifanya akiwa na kibatari mkononi, na ukuta wa chumba cha tatu mpaka leo una weusi wake. Matendegu yanasimama kwenye vikopo vyenye maji na mafuta kidogo. Kitanda kisiguse ukuta. Shuka isiburuze chini, maana ukiweka vikopo halafu ukaning'iniza shuka umemjengea ngazi. Nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo na majivu kila baada ya masika. Godoro likunjuliwe pindo kwa pindo.

Wapo watakaowaambia kunguni ni uchafu. Wapuuzeni. Nimemkuta kwa karani aliyepiga pasi mpaka soksi. Kunguni ni msafiri. Anakuja kwa mzigo, na ndiyo maana kazi yetu yote ilianzia mlangoni.

Hapo sasa ndipo palipokuwa na ugumu, na hapo ndipo Bi Mwanaidi alipokuwa bingwa. Huwezi kumwambia mgeni, fungua mzigo nitafute wadudu. Utakuwa umemtukana yeye na mama yake. Kabla yangu alikuwepo msichana aliyepiga kelele "Kunguni!" mgeni angali anavua viatu. Mgeni akavaa viatu vyake, akaondoka, na kwa miezi watu wa kwao hawakulala kwetu.

Lakini kwetu Ufipa mgeni hapokelewi kwa mdomo tu. Unamwendea, unapiga magoti, unapokea mzigo wake kwa mikono miwili, na akikukatalia, ni yeye sasa anayekutukana. Bi Mwanaidi hakuwa Mfipa, ila aliliona jambo hilo akaligeuza kuwa kazi. Tulipokea kila mzigo langoni. Mgeni akaonyeshwa maji ya kuoga, yapo tayari, halafu uji wa ulezi, halafu kiti karibu na moto, maana baridi ya Juni ya hapa haihitaji kusifiwa. Nao mzigo wake haukwenda chumbani. Ulikwenda uani, ukawekwa kwenye uchanja ambao miguu yake imezungushiwa majivu. Tukaufungua, tukaupindua, tukaukung'uta. Ukiwa mzima unarudi kama ulivyofungwa. Ukiwa na wapangaji, hivyo ndivyo tulivyowaita sisi kwa sisi, nguo zinaingia pipani, na mgeni anaambiwa blanketi lake limepata umande barabarani, tunalikausha, hili hapa la nyumba ajifunike kwa leo.

Hakuna hata mmoja aliyewahi kuaibishwa. Na hakuna mzigo uliowahi kuingia ndani bila kupitia uani.

Nakumbuka mzee mmoja wa Kipili, muuza migebuka, wale samaki wa ziwani, mtu mnene mwenye sauti. Alisafiri na godoro lake. Nilipiga magoti kulipokea, akalibana kwapani.

"Inuka, binti. Godoro langu linalala na mimi."

"Litalala na wewe, baba. Naomba nilibebe tu."

"Mbona mikono ninayo?"

"Baba, ukiingia na mzigo wako mwenyewe, majirani watasema nyumba hii haina watu."

"Watasema?"

"Watasema hadi Matai."

Akanitazama, akaguna, akanipa. Lilikuwa zito kwa idadi ya waliokuwemo. Tulilifumua, sufi tukaianika kwenye bati lenye moto chini, kitambaa tukakichemsha, tukalishona upya kabla hajaamka vizuri siku ya pili. Alipoondoka alilipima mkononi. "Godoro limekuwa jepesi."

"Ni umande umekauka, baba."

"Umande gani wa kilo tatu?" Akacheka mpaka akashika ukuta. Tangu siku ile hakulala kwingine, na kila akija aliniletea migebuka, akanikabidhi godoro kabla sijapiga magoti. "Likaushe umande," anasema, kwa sauti ya soko zima kusikia.

Sasa nitawaambia jambo ambalo hata Bi Mwanaidi sikumwambia kwa mdomo. Kila mzigo niliopokea, kabla ya kutafuta wadudu, nilitazama fundo.

Magari ya manamba yalikuwa yakija mchana mkubwa. Tulisikia muungurumo tangu kwenye kilima. Veronika alikua akijua sauti ile. Alikuwa akiacha kucheza, ananitazama mimi badala ya kutazama barabara. Wanashuka wamekonda, wana vumbi hadi kwenye kope, kila mmoja na blanketi la mkongeni, la kijivu. Nilipokea, nikipokea macho yalikwenda kwenye kamba. Katani. Katani. Ukanda wa ngozi. Katani. Ninapeleka uani.

Mkataba wa Gaspari uliisha, wenzake wakashuka. Mmoja akasema Gaspari ameongeza, anataka arudi na cherehani. Alijua napenda kushona. Nikamwambia aliyeleta habari kwamba cherehani haikuombwa na mtu, nikachukua mzigo wake nikaupeleka uani, ulikuwa na wapangaji wengi, nikawamwagia maji kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha vikaja vita vya Hitla, magari yakapungua, yakawa yanakuja kwa kubahatisha. Nilijifunza kupanga kazi za uani upande wa langoni. Kamba za vitanda nilizikazia pale, ulezi nikapepeta pale. Bi Mwanaidi alisogeza jiwe la kukalia kutoka jikoni akaliweka pale.

Siku moja gari la manamba likasimama, na aliyeshuka alikuwa Tadei. Tadei ni wa kijijini kwetu, waliondoka gari moja na Gaspari. Alikuwa na mizigo miwili. Nilikwenda kumpokea kama kawaida, nikapiga magoti, akanipa mmoja. Wa pili akabaki ameushika.

Nikanyoosha mikono. "Na huo, shemeji."

"Huu ni wa kwako," akasema.

Niliuona ukanda wa babu yangu. Ulikuwa umechakaa, ila mistari yake ninaijua. Fundo lilikuwa fundo la kawaida, la mtu yeyote, lile unalofungia mbuzi. Gaspari alikuwa anajua fundo langu. Asingelifunga hivyo hata akiwa na haraka.

"Mwenyewe?" nikauliza.

Tadei akachuchumaa mbele yangu, tukawa wote chini pale vumbini kama watu wanaotafuta sindano. "Kichomi, shemeji. Masika yaliyopita. Hospitali alifikishwa. Padri alikuwepo. Alizikwa vizuri, tulikuwepo wote wa huku." Kisha akasema, "Nilishindwa kulifunga kama lilivyokuwa. Nilijaribu."

Nikamwambia asante. Nikamwambia maji ya kuoga yapo. Nikachukua mizigo yote miwili nikaipeleka uani, maana ndiyo kazi yangu na miguu ilikuwa inaijua njia.

Wa Tadei nikauweka kwenye uchanja. Wa Gaspari nikakaa nao kwenye jiwe. Ndani yake mlikuwa na shati moja, rozari, sindano kubwa ya kushonea magunia, na blanketi. Blanketi lile nikalileta usoni.

Sitaweza kuandika harufu. Mtu amelala katika kitambaa hicho miaka, na kitambaa kimefungwa tangu alipokitoka. Ilikuwamo tumbaku yake. Ukali wa mkonge ulikuwamo. Chini ya hayo alikuwamo yeye, kama alivyokuwa ukiweka uso nyuma ya sikio lake. Tanga sikuijua na siijui hadi leo, kaburi sikuliona. Alikuwa pale tu, kwenye blanketi.

Na kwenye pindo vilikuwepo vitone vyeusi. Nilivyojaribu kutoviona ndivyo nilivyozidi kuviona. Nikakunjua kidogo. Walikuwepo wazima, wamekonda kama karatasi kwa njaa, wanakimbia mwanga. Kunguni hukaa miezi bila kula. Anasubiri tu. Waliobaki na Gaspari mwisho kabisa walikuwa hao.

Vyumba vilikuwa vimejaa wageni siku ile. Bi Mwanaidi akaja, Tadei alikuwa amekwisha kumwambia. Akasimama nyuma yangu. Mama yule, aliyechemsha kanga yangu ya kwanza kabla hajanijua jina, akasema, "Mwanangu, lichukue uingie nalo chumbani kwako. Nyumba tutaisafisha baadaye. Mimi sioni kitu."

"Wataenea, mama."

"Waenee. Nimesema tutasafisha."

"Ukitoa ruhusa kwa huyu, kesho utasema nini kwa mwingine?"

"Kesho nitajua mimi na Mungu wangu. Ingia ndani, baridi hii."

Mimi sikuingia. Nilitaka kuingia kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na mkimwona mtu amekaa na msimamo msidhani hana mwili. Lakini Veronika alilala chumba kile, na ukuta wa pili alilala mama mwenye kichanga, na nyumba ile ilikuwa ndiyo mahali pekee Gaspari alipopaonyesha kwa kidole. Nisingeijaza wadudu kwa ajili yake.

"Nitawasha pipa," nikasema.

Bi Mwanaidi akaenda akazuia watu wasije uani. Nikajaza maji. Pipa lile ukiliwekea kuni za kutosha linachemka upesi, mnalijua. Siku ile niliweka kijiti kimoja. Kikiisha, naweka kingine. Nilijifunika blanketi lile kichwani, nimekaa kwenye jiwe, wale wapangaji wakaniuma shingo na mikono, nikawaacha. Jua likasogea hadi ukuta wa magharibi. Tadei alikuja akatazama pipa, akatazama rundo la kuni lililojaa, akafungua mdomo. Bi Mwanaidi akamvuta kwa mkono wa shati. "Mwache. Hayo maji yana saa yake."

Yalipochemka yalichemka. Hakuna kijiti kidogo cha kutosha kuyazuia kabisa. Nikasimama, nikalikunja, nikaliingiza mwenyewe, nikalishindilia na ufito. Mvuke uliopanda mwanzo ulikuwa na harufu yake. Nikainama pale mpaka ikawa harufu ya maji tu.

Likatoka safi. Likatoka blanketi kama mablanketi mengine.

Walikuja watu kulala msiba, wa kwetu na wa pale mjini, Wakristo kwa Waislamu, na kila mmoja na mkeka wake, maana ndivyo watu wanavyofarijiana. Hapo nikajifunza tena kitu cha kazi: msiba unaleta kunguni kuliko gari lolote. Mikeka inalala bega kwa bega, ikikusanywa inachanganyika, na mwezi unaofuata mtaa mzima unajikuna. Nilitaka kuinuka kuipokea, wanawake wakanikalisha. Nikageuka, nikamwona Bi Mwanaidi langoni, amepiga magoti yale ya Kifipa ambayo hajawahi kuyapiga, magoti yake mabovu, anapokea mkeka kwa mikono miwili na kuupitisha uani.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi zaidi kuliko kabla yake. Vita viliisha, ikaja dawa. Watu wa afya walipita nyumba kwa nyumba na mabomba yao ya unga mweupe, na kweli kunguni walikufa, sitasengenya. Mabinti wa kazi wakaanza kuniambia, "Bibi, pumzika, siku hizi kuna dawa." Vikopo vikawa vinakaa vikavu. Bwana Afya mwenyewe, kijana wa Kinyakyusa mwenye heshima, aliwaambia wasiache maji ya moto, dawa ni msaidizi. Hawakumsikia, kwa sababu maji ya moto yana kazi na unga hauna. Ikapita miaka kadhaa tukawaona wapangaji wanatembea juu ya unga kama watoto wanaochezea majivu. Pipa likarudi. Mimi sikusema niliwaambia. Niliwapa ufito.

Bi Mwanaidi alifariki kabla ya mavuno, akiwa mzee sana. Walikuja watu kutoka Kasanga na Mbeya. Muuza migebuka alikuja akiongozwa na mjukuu, macho hayaoni tena, akanikabidhi mkeka wake langoni kabla sijasema neno. "Umande," akasema. Nilipokea mikeka yote ya matanga yale, nikilia nikipokea. Hakuna chumba kilichopata hata mdudu mmoja. Ndiyo zawadi pekee niliyokuwa nayo ya kumpa.

Sasa nimetoka kazini. Naishi kwa Veronika, shamba la ulezi liko nyuma ya nyumba, na gari likiunguruma kilimani bado shingo inageuka. Macho yamezoea vibaya. Mgeni akija hapa nyumbani natazama kwanza amefunga mzigo wake na nini. Wajukuu wananicheka. Huwa nawaacha wacheke, kisha nawatuma wakachote maji.

Ninyi wa kule, fanyeni kama nilivyowaonyesha. Yusta, wewe ndiye mwenye funguo: chumba kitupu nacho kioshwe kila Jumamosi. Usidanganywe na kitanda kisicholaliwa. Wanaojua kusubiri wapo humo.

Hapa nyumbani nimekwisha kutoa amri, nimeisema mbele ya wote, na naiandika asije akatokea mtu akasema hakuwepo. Siku yangu ikifika, Veronika atapokea mikeka ya watu langoni, kwa magoti, na kila mkeka upite uani kwanza, hata wa padri. Mimi nizikwe na blanketi la Gaspari, lifungwe kwa ukanda wa babu, kwa fundo nililowafundisha. Kabla ya hapo mlichemshe. Na kuni mziweke kijiti kimoja kimoja.